Laini Kwenye Pindo la Khanga

Mama yangu alikuwa na laini ya simu miaka miwili kabla hajawa na simu. Aliifunga kwenye pindo la khanga pamoja na noti zake za samaki. Akitaka kuongea nami alikwenda kwa jirani, akalifungua fundo kwa meno, jirani akachomoa laini yake, ya Mama ikaingia. Mara nyingine ilikuwa imegandiwa na gamba la perege. Aliisugua kwenye khanga, akaipulizia, akaipachika tena, ndipo simu ikaisoma.

Namba ile niliijua kwa moyo, lakini kwa miaka kadhaa sikutaka mtu mwingine ajue kwamba na mimi nina namba ya mtandao uleule. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu kila mwezi wa Januari, shule zikifunguliwa, kuna mwalimu mgeni anayeniuliza ofisini, "Mwalimu, hapa Dodoma mtandao upi mzuri?" Na kila mara najikuta nashindwa kumjibu kwa neno moja.

Kwetu ni Mtera, kwenye bwawa. Ukitoka Dodoma mjini kwenda Iringa, barabara inapita juu ya ukingo wenyewe: upande mmoja maji hadi macho yanachoka, upande wa pili bonde la mawe ambako Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake kwenda Kidatu. Huku ni wilaya ya Mpwapwa, ng'ambo ni Iringa, na kwenye mstari mmoja wa wauza samaki utasikia "mbukwenyi" ya Wagogo na "kamwene" ya Wahehe. Basi likisimama tu, akina mama wanalikimbilia na masinia ya samaki wa kukaanga, wanayainua hadi usawa wa madirisha. Mama alikuwa mmoja wao. Bwawa lilijengwa ili kuitunzia Kidatu maji ya kiangazi, na mwaka 1988 mitambo miwili ya hapohapo Mtera, megawati 40 kila mmoja, ikaanza kuzalisha umeme. Nimekua naziona zile nyaya nene zikipita juu ya mashamba yetu ya mtama kwenda kwenye miji, na usiku nasoma kwa kibatari.

Simu ya kwanza niliyoiona kijijini ilikuwa ya mfanyabiashara aliyepeleka kambale wakavu Dodoma. Ilikuwa mwaka 2002. Aliivaa kiunoni, ndani ya mfuko wa ngozi wenye kifungo, na kijijini haikushika mtandao hata kidogo. Ili aongee alipanda mwamba mkubwa ulio nyuma ya zahanati, akasimama sehemu moja tu, uso kaskazini, na watoto walikatazwa kupiga kelele. Kwa siku zilizobaki ile simu ilikuwa pambo. Hata hivyo hakuna aliyekuwa haijui namba yake. Alikuwa akiitaja taratibu, tarakimu moja moja, kama anayetaja ukoo wake: sifuri, saba, nne, nne. Vijana waliiandika kwa mkaa kwenye kuta za nyumba zao, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa na simu ya kumpigia.

Vijana wa leo hawajui uzito wa zile tarakimu nne. Nchini kwetu Mobitel ndiyo iliyotangulia, mwaka 1994. Vodacom ikaanza Agosti 2000, Celtel ikafuata mwaka 2001. Kila mtandao ulikuwa na mwanzo wake wa namba: 0741 Mobitel, 0744 Vodacom, 0748 Celtel. Mwaka 2006 mfumo ukabadilishwa. 0741 ikawa 0713, 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784. Tarakimu zilibadilika, heshima ikabaki palepale. Hadi leo mtu akikutajia namba inayoanza na 0754, 0784 au 0713, unamwangalia upya. Unajua alikuwa na simu wakati ambao kuwa na simu kulikuwa habari. Madalali wa viwanja hapa Dodoma wanalifahamu hilo vizuri, na namba za namna hiyo ndizo wanazozibandika kwenye nguzo. Wala wateja hawakosei kuziamini. Mtu aliyekaa na namba moja miaka 20 ni mtu ambaye wadai wake wanajua pa kumpata.

Nilipomaliza Chuo cha Ualimu Mpwapwa na kupangiwa shule ya msingi Dodoma mjini, mwaka 2005, mshahara wangu wa kwanza ulinunua Nokia 1100, ile ya tochi. Laini niliitafuta kwa siku tatu. Mwalimu mkuu alikuwa na 0744, na mwalimu wa taaluma vilevile, na wabunge wanaojaa mjini wakati wa vikao vya Bunge nao niliwasikia wakizitaja zao za namna hiyo kwenye foleni za benki. Nikataka ya namna hiyo. Muuzaji alinitolea karatasi yenye namba nyingi, nikazipitisha kidole moja baada ya nyingine, nikachagua iliyokuwa na tarakimu mbili za mwisho zinazofanana. Sikumwuliza dakika moja ni shilingi ngapi. Sikumwuliza kama inashika Mtera. Nilichagua namba, mtandao haukunipitia kichwani.

Ofisini swali "wewe uko mtandao gani?" lilikuja kabla ya "unatokea wapi?" Lilikuwa na sababu ya fedha, na watu wengi wameshaisahau. Kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu, kupiga kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa sababu mtandao unaopiga ulilazimika kuulipa ule unaopokea. Hiyo inaitwa gharama ya mwingiliano. Machi 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliishusha hadi shilingi 34.92 kwa dakika, na kabla ya hapo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Kwa hiyo watu walijikusanya. Kwaya moja mtandao mmoja, familia moja mtandao mmoja, wachumba walihamiana. Wenye mshahara wakipigiana wao kwa wao, namba ikawa ukuta: walio ndani wanaongea kwa raha, aliye nje anabipu.

Nami niliingia ndani ya ukuta ule, nikapapenda.

Mwaka 2007 mnara ukasimama karibu na kijiji chetu, juu ya kilima, na haukuwa wa mtandao wangu. Ndani ya mwezi mmoja kijiji kizima kilikuwa kwenye mtandao ule. Mama akanunua laini, akaifunga kwenye khanga, kisha akaenda stendi na kumwambia kondakta wa basi aniletee ujumbe kwamba sasa anapatikana. Nikalazimika kununua laini ya mtandao uleule. Nikaiita laini ya nyumbani, na ile ya kwanza nikaiita laini ya mjini. Simu ilikuwa na tundu moja tu. Laini ya mjini ikakaa kwenye simu, laini ya nyumbani ikakaa kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka, ndani ya droo ya kitanda. Jioni mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili, nilifungua mfuniko wa simu, nikatoa betri, nikabadilisha.

Mama hakujua kusoma, hivyo tulikuwa na lugha yetu. Akibipu mara moja, maana yake amefika salama au hali ni njema, nisihangaike. Mara mbili, nimpigie. Mara tatu hatukuwa tumeipangia maana. Hela nazo zilipita njia zake. Mwanzoni nilikuwa nanunua vocha mjini, naikwangua, namsomea tarakimu kwa simu, naye jirani anamkatia fedha taslimu kwa bei ya chini kidogo. M-Pesa ilipoanza nchini Aprili 2008, na mitandao mingine ikafuata na huduma zao, ule usumbufu ukaanza kupungua. Lakini kutuma fedha kwenda mtandao mwingine kulikuwa bado kama kutuma nchi nyingine. Kwa hiyo laini ya nyumbani ndiyo iliyobeba sukari, mbegu za uwele, ada ya mdogo wangu. Kazi yote ya maana ya simu ilifanywa na laini ile ya kwenye kikopo, na ya mjini ilifanya kazi ya kutajwa.

Sikuwahi kuitaja ya nyumbani mbele za watu. Siku moja niliibadilisha ofisini kwa haraka, mwalimu mwenzangu akaiona rangi yake. Akasema, "Kumbe na wewe una hii ya wauza mchicha?" Nikasema ni ya mdogo wangu. Nakumbuka nilivyosema, na nakumbuka kwamba Mama yangu wakati ule ule pengine alikuwa amesimama na sinia la samaki begani, kwenye jua, chini ya dirisha la basi.

Juni 2010 nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Nilikuwa mweka hazina, michango inaingia kupitia laini ya mjini, watu wananipigia usiku na mchana. Jumatano moja sikubadilisha laini. Jumapili nayo ikapita. Jumatatu jioni, nimechoka, nimekaa kitandani, nikafungua kikopo, nikapachika laini ya nyumbani, nikawasha.

Simu ikalia. Ikalia tena. Ikaendelea kulia mkononi mwangu hadi nikaiweka chini kwenye mkeka. Zilikuwa meseji saba, zimeandikwa na binamu yangu wa darasa la tano kwa herufi kubwa tupu, bila nukta. Ya kwanza ilisema BIBI ANAUMWA MAMA ANASEMA PIGA. Ya pili, ya Alhamisi usiku, BIBI AMEZIDIWA. Tatu zilizofuata zilisema neno moja moja, PIGA. Ya sita, ya Jumamosi alfajiri, BIBI HAYUPO TENA. Ya saba ilikuwa ya jioni ile ile. TUMEZIKA MAMA ANASEMA USILIE BARABARANI.

Bibi huyo ndiye aliyenifundisha kuchuma mlenda. Ndiye aliyeuza mbuzi wawili ili niende chuo. Nilifika Mtera Jumanne, tope la kaburi limeshaanza kukauka juu. Mama hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Simu yako ilikuwa mbovu, mwanangu?" Nami, kwenye msiba, mbele ya kaburi, nikajibu kwamba mtandao ulikuwa unasumbua.

Mtandao haukusumbua. Mnara ulikuwa umesimama juu ya kilima usiku kucha, umefanya kazi yake, umezipokea meseji zote saba, na mtandao ukazitunza hadi nilipowasha. Kilichokuwa kimezimwa ni mimi. Ukweli huo nilimwambia Mama baada ya miaka mitatu, tukiwa tunapaa samaki. Alinyamaza mpaka akamaliza samaki aliyekuwa mkononi, kisha akasema, "Nilijua. Ulipokuja ile mara ya kwanza na simu, ulinitajia namba moja tu."

Niliporudi Dodoma kutoka msibani nilinunua simu ya laini mbili, ya Kichina, yenye sauti ya kupasua masikio. Laini ya nyumbani nikaiweka tundu la kwanza. Toka siku hiyo mtu akiniuliza namba, nilimtajia hiyo kwanza.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo, na ni vizuri kuyasema kwa sababu vijana wanaweza kudhani nawatisha bure. Ile gharama ya mwingiliano iliendelea kushuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2017 ilikuwa shilingi 26.96, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa shilingi 2. Ukuta ule ukawa tuta. Bando za mitandao yote zikaja, na leo mwanafunzi wa sekondari anampigia yeyote bila kuuliza yuko wapi. Oktoba 2015 Halotel ikaanza, ikaelekeza nguvu zake vijijini, ambako watu wengi walikuwa wakipanda vichuguu na mibuyu kutafuta mtandao. Machi 2017 ukaanza utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba, na tangu hapo ile 0754 unayoiheshimu inaweza kabisa kuwa iko kwenye mtandao mwingine. Niliufurahia sana utaratibu huo. Uliitenga namba na mtandao, vitu viwili ambavyo mimi nilivichanganya nikaumia.

Na majina yenyewe yamekwenda wapi? Watu waliojivunia Celtel waliamka siku moja wakawa Zain, wakaamka tena wakawa Airtel, na laini ni ileile. Mobitel iligeuka Buzz, ikawa Tigo, na Novemba 2024 ikawa Yas. Rangi zimepakwa upya kwenye vibanda vya mawakala, fulana mpya zimegawiwa. Nimeona mafundi seremala wawili, marafiki, wakikosana soko la Majengo kwa sababu ya mtandao, kila mmoja akiutetea kama timu ya mpira, na ninajua kwamba hakuna kati yao aliyewahi kuulizwa lini jina libadilishwe. Heshima ile tuliitoa sisi wenyewe, tukaibandika kwenye tarakimu na rangi za watu wengine.

Bado ipo, isipokuwa imehama. Siku hizi watoto wanapimana kwa aina ya simu na kwa bando la mwezi mzima. Kuna kijana hapa mtaani ambaye hawezi kuomba salio la dharura mbele ya mchumba wake. Anatoka nje kwanza. Nikimwona namkumbuka yule mwalimu wa miaka ile na kikopo chake cha mafuta.

Kwa hiyo mwalimu mgeni anaponiuliza mtandao upi mzuri, nami namwuliza: mama yako akitaka kukupigia anasimama wapi? Wengi wanacheka, halafu wanafikiri. Mmoja alitoka Kibakwe, akasema mama yake anasimama nyuma ya ghala la mahindi. Nikamwambia anunue laini inayoshika nyuma ya ghala la mahindi, kisha kama fedha zinabaki anunue na ya pili anayoitaka roho yake. Mtandao mzuri ni ule unaofika kwa mtu ambaye hatakuwa na namna nyingine ya kukufikia. Wengine wote, wakuu wako, wenye michango, wenye viwanja, watakutafuta hadi wakupate.

Mei 2019 usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, Mama hakuwa na wasiwasi. Laini yake ilisajiliwa zamani, alisema. Kumbe ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha yule jirani wa kwanza, mwenye simu, ambaye alikuwa ameshahamia Mbarali. Tukaanza upya: kitambulisho cha Taifa kwanza, miezi ya kufuatilia, hatimaye namba ya NIDA ikapatikana. Mwisho wa kusajili ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Tulifika kwa wakala siku tatu kabla ya hapo, pale njia panda ambako mabasi yanasimama. Foleni ilikuwa ndefu, wakala ni kijana mmoja chini ya mwavuli, ana kifaa kidogo chenye kioo cha kuwekea kidole.

Mama akaweka dole gumba la kulia. Kifaa kikakataa. Akaweka cha shahada, kikakataa. Kijana akamwambia, "Shikamoo Mama, naomba mkono," akaushika, akaupangusa kwa leso yenye maji, akauangalia kwa karibu kwenye jua. Nami nikainama nikaangalia. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Ile mistari ambayo kila binadamu anayo, kwake haikuonekana, isipokuwa makovu membamba ya kisu yaliyokatizana.

"Vimeliwa na magamba, mwanangu," Mama akamwambia.

Kijana hakutuondoa kwenye foleni. Alimpaka mafuta kidogo, akasubiri, akajaribu kidole kimoja kimoja, na watu nyuma yetu wakasubiri bila kunung'unika, kwa sababu nao walikuwa wavuvi na wauza samaki na walikuwa wakiangalia vidole vyao. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki kisu wala samaki kwa nguvu, ndicho kilichosoma.

Kijana akamrudishia simu, akamwambia ajaribu kumpigia mtu yeyote. Mama akasogea pembeni, akaishika simu kwa mikono miwili, akabonyeza alipozoea kubonyeza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mkoba begani. Simu yangu ikalia ndani ya mkoba, mara moja, ikakatika.